Makumbi ya Qurayyat

Al Hail, Maskati
12 Februari 1996

Kwa Bi Mwanakheri, mama yangu,

Shikamoo. Najua barua hii utasomewa na Kheiria, na mwanao namjua, ataisoma huku akinicheka. Mwache acheke. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, na bado naishi chumba cha uani kwa Bi Sayyida, yule mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Anapika mchuzi wa pweza kana kwamba hajaondoka mtaa wa Malindi hata siku moja.

Miaka mitatu hii hukuniuliza kazi yangu khasa ni nini, nami sikusema. Leo nasema. Naimba hotelini, siku nne kwa wiki. Navishwa gauni la hariri jekundu lenye mpasuo, na nywele nabanwa kwa kibanio chenye ndege. Kwenye tangazo la mlangoni nimeandikwa "Sauti ya Uchina", na ninachoimba ni nyimbo za mapenzi za Kichina. Nawe unajua kama mimi kuwa Kichina sijui. Baba alinifundisha kuhesabu mpaka kumi na kutukana, basi. Nyimbo nimezikariri kwenye kaseti bila ya kujua maana, na meneja hajawahi kuniuliza, kwani akinitazama uso anaona jibu.

Mwezi uliopita walikuja wahandisi wa Kichina, wakakaa meza ya mbele. Nilipomaliza, mmoja akaja kunisemesha kwa furaha tele. Nikamjibu kwa Kiingereza changu hiki kuwa mimi mtu wa Mwambakofi, kusini Unguja, nimekulia pembeni ya majongoo ya pwani ambayo baba yangu akiyachemsha na kuyaanika ili yapelekwe kwao wakale. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. Nikaona haya, mama, kisha nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyobaki.

Katika bendi yetu yupo Mkenya mmoja, Kamau, anapiga kinanda. Siku moja tulipokuwa tukipanga vyombo nilimwimbia wimbo wako wa makumbi, ule unaouimba ukiyapiga yale maganda ya nazi uliyoyazika matopeni upate nyuzi za kamba:

Nimezika sikulia, nitafukua mwenyewe,
Bahari nakuachia, ulinde nisiibiwe.

Kamau aliacha waya mkononi akasema niurudie. Nikaurudia mara tano. Sasa nataka kuutoa kwenye kaseti, kwa kinanda na ngoma za mashine, upigwe kwenye magari na kwenye harusi, watu wausikie kabla haujafa. Maana Kheiria aliniandikia kuwa wanawake wameacha makumbi, wote wamekimbilia mwani. Jina lako litaandikwa juu yake. Nakuomba ruhusa, mama. Sema ndiyo, nianze.

Mwanao,
Sulani


Mwambakofi
3 Aprili 1996

Sulani mwanangu,

Marahaba. Mimi nasema, Kheiria anaandika, na nimemwambia asiongeze chumvi.

Umeomba, nami nakujibu: hapana.

Wimbo ule nimeutoa mimi, juu ya shimo langu, mwaka aliofariki mama yako mzazi nami nikakuchukua nikulee. Hapa pwani yetu mtu akitaka wimbo wa mwenziwe huuomba, na akishauomba hukaa kitako akapiga makumbi aliyoyazika kwa mkono wake, akamsokotea mwenye wimbo pima kumi za kamba. Hivyo ndivyo nilivyopewa wimbo wa Bi Time, na ndivyo Bi Time alivyopewa wa mama yake. Hayo unayajua, nimekufundisha mimi mwenyewe ulipokuwa bado gongo la kupigia linakushinda kulinyanyua.

Wewe umezika mwaka wa tisini na tatu. Ukaweka jiwe juu, ukapanda ndege. Shimo lako lipo vile vile. Wimbo unasema nitafukua mwenyewe. Sasa utauimba vipi, nawe hukufukua? Njoo ufukue, upige, usokote, kisha uimbe mpaka sauti ikauke.

Hilo gauni lenye mpasuo limenichoma roho, lakini hayo tutayasema siku nyengine. Bi Sayyida mpe salamu zangu, mwambie mchuzi wa pweza hautiwi ndimu mwanzo.

Mama yako,
Mwanakheri binti Haji


Al Hail
20 Mei 1996

Bi Mwanakheri,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo umeniachia mlango. Sikuona.

Kuja siwezi. Pasipoti yangu iko kwenye kabati la hoteli, na likizo ni baada ya mkataba kwisha, mwaka mmoja na nusu kutoka sasa. Basi na afukue Kheiria, au jirani yeyote, apige kwa niaba yangu. Makumbi ni makumbi. Bahari haiulizi nani ameyazika.

Nami sitakuficha, kurikodi tumekwisha kurikodi. Kamau ana rafiki mwenye ghala la vyombo vya muziki kule mtaa wa Ghala, kwenye magereji. Ukuta mmoja na ghala lile kuna mafundi wanaonyoosha bodi za magari yaliyogongwa, kutwa wanagonga bati kwa nyundo. Siku ya kwanza Kamau alitaka kuwaomba wanyamaze. Nikamwambia hapana, sikiliza. Walikuwa wanne, na nyundo zao zilikuwa zikipishana kama magongo yenu. Tukatoa kipaza sauti dirishani tukazichukua. Ngoma za mashine tukazizima. Sasa wimbo wako unakwenda kwa nyundo za Ghala, na kinanda juu yake, na mimi. Nilipousikia nililia mbele ya mafundi, nikachekwa.

Tukaupeleka kwa Musallam, mwenye duka la kaseti Ruwi. Akaupenda. Lakini akataka picha yangu ya juu ya kaseti iwe na lile gauni na kipepeo cha kujipepea mkononi, na chini yake iandikwe kuwa wimbo ni wa zamani, hauna mwenyewe. Nikamwambia una mwenyewe, ana jina, na ana ulimi mkali. Akasema bila hariri hachapishi. Nikaichukua kaseti yangu nikatoka. Hivyo nimempigania mtu ambaye ananikatalia.

Na sasa sema ukweli, mama. Angekuwa mtoto wa mtu mwengine, asiyekuwa Mchina, ungemdai kamba? Tangu mdogo kisimani nikiitwa Mchina. Nikishinda mchezo, Mchina ameshinda. Nikivunja mtungi, Mchina amevunja. Nilidhani kwako tu ndiko nilikokuwa Sulani. Huku naambiwa ni Mchina ili niimbe, na huko naambiwa ni Mchina ili nisiimbe. Nimechoka na pande zote mbili.

Nitauimba. Ukiridhia nitauimba, na usiporidhia nitauimba.

Sulani


Mwambakofi
8 Julai 1996

Sulani,

Marahaba, ingawa salamu yako ilikuwa ya kubabua.

Nimemwambia Kheiria anisomee barua yangu ile ya mwanzo, kwenye daftari anakoiandika kwanza kabla ya kuinakili, maana wazee husahau. Amenisomea yote. Uchina haumo. Nimemwambia anisomee tena. Haumo. Hakuna aliyeutaja Uchina baina yangu na wewe ila wewe.

Bi Time nilimsokotea pima kumi, na yeye ni shangazi yangu, tumbo moja na baba. Kheiria huyu anayeandika sijampa wimbo hata mmoja, kwa sababu mvivu. Anaandika huku amenuna, lakini anaandika. Wewe nimekudai kamba kwa sababu wewe ni wa hapa. Mgeni hadaiwi, mgeni hupewa chai akenda zake.

Kusema afukue mwengine, hilo usilirejee tena. Umenitia aibu nikajifunika ukaya usoni.

Ukitaka kuimba bila ya ridhaa, imba. Mimi siko Maskati na mkono wangu haufiki huko. Lakini usiandike jina langu.

Mwanakheri binti Haji

Sulani, hapa ni mimi Kheiria, mama amekwenda kutia udhu. Nakuandikia haraka na akijua ataniua. Kuna bwana anataka kujenga hoteli pwani yetu, kuanzia kwa Bi Time mpaka kwenye mawe. Wamekuja na mpimaji. Wamesema shimo lenye mwenyewe litajadiliwa, na shimo lisilo mwenyewe litafukiwa. Walipofika kwenye lako, karani akaandika, "la Mchina, amehama". Mama akamnyang'anya kalamu. Toka siku hiyo, kila maji yakitoka anakwenda kukaa juu ya jiwe lako na kazi yake mkononi, jua lote kichwani kwake, na miguu yake ile unaijua. Anawaambia wote kuwa mwenye shimo yupo na atakuja kufukua mwenyewe. Ndiyo maana anakutaka uje. Kukuambia hataki, anasema mtu haitwi kwa kuonewa huruma. Choma hiki kipande.


Al Hail
2 Novemba 1996

Kwa mama yangu, Bi Mwanakheri,

Shikamoo, na nashika miguu kwelikweli. Nimekaa miezi mitatu bila ya kuandika kwa sababu ya haya. Nilikutusi kwa kosa la watu wengine. Nisamehe. Hayo tu, sina kisingizio.

Kheiria hajaniambia lolote.

Wimbo sijauimba. Kaseti imefungwa kwenye kabati la Kamau, na ufunguo ninao mimi.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nchi hii ina minazi, lakini iko kusini kabisa, Salalah, safari ya mchana kutwa kwa basi. Bi Sayyida ana jamaa zake huko. Nikawaomba makumbi, wakadhani nimerukwa na akili, lakini yakaja, magunia manne juu ya basi. Dereva aliniuliza ni chakula cha mnyama gani. Nikamwambia ni chakula cha wimbo.

Bi Sayyida ana kaka yake, Ishaq, anaishi Qurayyat, na chini ya mitende yake kuna hori la bahari lenye matope meusi. Ijumaa mimi, Kamau na Bi Sayyida tukaenda na magunia. Nimechimba mwenyewe, mama. Kamau alitaka kunipokea jembe nikamfukuza. Nimezika mwenyewe, nikaweka mawe, nikachomeka vijiti pembeni. Bi Sayyida alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua tende na kunitolea makosa. Anasema bibi yake alikuwa na shimo Makunduchi, na mara ya mwisho kunusa matope hayo alikuwa na miaka tisa.

Siku ya pili yake askari wakaja kwa Ishaq. Wavuvi walikuwa wamewaambia kuna mwanamke Mchina amezika kitu. Nikaitwa kutoka Maskati kuja kuonyesha. Nikafukua gunia moja mbele yao, nalo lilikuwa limeanza kunuka matope. Mkubwa wao akashika pua akauliza nitalifanyia nini. Ishaq akamwambia kwa Kiarabu kuwa ni mila za kwao. Akauliza, za Uchina? Ishaq akasema, za Unguja. Askari akaniambia niyarudishe matope yangu.

Shimo la huko kwetu nitalifukua nikija, na nitakuja mkataba ukiisha, Mungu akipenda. Lakini wimbo nautaka sasa. Basi haya makumbi ya Qurayyat nimeyazika kwa mkono wangu na nitayapiga kwa mkono wangu. Niambie kama yanahesabika.

Mwanao,
Sulani


Mwambakofi
14 Januari 1997

Sulani mwanangu,

Marahaba, marahaba.

Nimecheka mpaka Kheiria akaniletea maji. Makumbi kupanda basi sijapata kusikia.

Matope ya huko siyajui. Kama ni meusi na yanavuta mguu, yanafaa. Usifukue kabla ya miezi saba, usije ukavuta nyuzi za usumba zikakatika kama nywele za mgonjwa. Ukifukua, osha kwa maji ya chumvi, usioshe kwa maji ya mfereji. Piga ukiwa umekaa chini. Usokote kwa paja, sio kwa mashine ya fundi yeyote wa Ghala. Pima kumi, na kwa mkono wako wewe, sio wa Kamau, ambaye nadhani ana mikono mirefu.

Hapa salama. Mvua za vuli zilikuwa chache. Mwani umeshuka bei na baadhi ya wanawake wamerejea kwenye mashimo, kimya kimya, kama paka aliyekula nje.

Kuhesabika au kutohesabika nitakwambia nikiishika kamba.

Mama yako


Al Hail
10 Julai 1997

Kwa mama yangu,

Shikamoo. Kifurushi hiki anakuletea mpwa wa Bi Sayyida, anakuja Unguja kuoa. Mna vitu viwili.

Cha kwanza ni kamba, pima kumi na moja. Moja niliyozidisha ni ya fidia ya ile barua. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Bi Sayyida alinisimamia mwanzo mpaka mwisho, na nilipokosea alinifungulia yote nikaanza upya. Najua ina mahali imevimba na mahali imekonda. Sikuificha sehemu hata moja.

Cha pili ni kaseti. Ni hiyo moja tu, sina nakala wala Kamau hana. Ukiona kamba haikutosha, itupe baharini, nami sitasema neno. Ukiona imetosha, nirudishie.

Mimi na hoteli tumeachana kwa salama, mkataba ulikuwa unakaribia kwisha hata hivyo. Ishaq wa Qurayyat amekubali kuwa kafili wangu, yaani mdhamini wangu mbele ya serikali, na wanawake wa Al Hail wananiita kwenye harusi zao. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Sulani


Ghala, Maskati
10 Julai 1997

Mama Mwanakheri,

Hunijui. Mimi ni Kamau, yule wa kinanda. Sulani aliniambia huko kwenu mtu huanza kwa shikamoo, kwa hivyo shikamoo. Hii barua nimeiingiza katikati ya kamba bila yeye kujua, kwa sababu najua amekuandikia kwamba waliachana na hoteli kwa salama. Hiyo salama nilikuwepo, na ningependa ujue ilivyokuwa.

Ilikuwa sherehe ya mchana, wageni wengi, chakula kimepangwa. Sulani alitakiwa atoke na lile gauni jekundu. Akatoka amejifunga khanga mbili, miguu mitupu, amebeba gogo na magongo mawili ya kupigia. Akakaa chini katikati ya jukwaa, akafungua gunia la makumbi ya Qurayyat. Mama, ile harufu ilifika mbele ya wimbo. Watu wa meza ya samaki waliangalia sahani zao.

Alikuwa ameniambia hatauimba ule wimbo wako, kwa sababu ulikuwa bado hujampa. Na hakuuimba. Alipiga makumbi tu, na juu yake akaimba maneno yake mwenyewe, aliyoyatunga palepale Qurayyat akifukua. Mimi nikamfuata na kinanda. Meneja akaja mbio, akazima vipaza sauti. Ikawa heri, kwa sababu gongo halihitaji umeme. Akachomoa kinanda changu pia. Basi nikakaa chini, nikachukua gongo la pili. Pale nyuma Bi Sayyida alikuwa amekuja na wenzake sita, wote mabuibui meusi, na wakaanza kuitikia. Hao wamama waliondoka Unguja wakiwa wasichana. Hakuna aliyewafundisha, ilitoka tu.

Meneja akasimama juu yake akamwambia avae gauni aimbe Kichina, ama atoke. Sulani hakuacha kupiga. Alimwambia, "Hii ndiyo sauti niliyozaliwa nayo. Ile nyingine mlinivisha pamoja na gauni." Akamaliza ubeti wake, akakusanya usumba wote mpaka nyuzi za mwisho, kwa sababu ulikuwa wa kamba yako, ndipo akatoka. Walimpa siku mbili achukue pasipoti yake. Mimi nilimfuata, mama, na sijutii.

Kitu kingine. Yule mhandisi Mchina wa mwaka jana alikuwepo siku hiyo. Alitufuata hadi nje. Akasema mkoani kwao nyanya yake aliimba hivyo akipiga nguo mtoni, na kwamba siku hizi kuna msichana mwimbaji huko kwao anazichukua hizo nyimbo na kuzitia kinanda, na wazee wanamfokea kila siku. Sulani akamuuliza, na yeye anafanyaje? Akasema, anaendelea. Sulani alicheka njia nzima hadi Al Hail.

Ukiona hiyo kamba ni mbaya, ujue ilisokotwa na mtu ambaye wakati huo hakuwa na kazi wala kafili, na hakuna siku alisema amechoka.

Kwa heshima,
Kamau


Mwambakofi
5 Oktoba 1997

Sulani mwanangu,

Marahaba. Kheiria anaandika, na safari hii nimemruhusu aandike kila kitu.

Kamba imefika. Ni kamba mbovu. Ya kwanza yangu ilikuwa mbovu zaidi, lakini yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi. Nimempa Kheiria amfungie beberu wake, yule anayekula hata ndoo. Amevuta siku tatu, siku ya nne akalala. Haikukatika. Nikaifungua nikaiosha.

Mwambie Kamau barua yake imefika. Mwambie marahaba. Mwambie akipata safari apitie hapa, nataka kuiona hiyo mikono.

Nawe umeniongopea kuwa mmeachana kwa salama. Mimi pia nimekuongopea kuwa hapa salama, na najua Kheiria amekwishakunong'oneza, maana mwandiko wako ulibadilika adabu ghafla. Basi tuko sawa, tusidaiane.

Ijumaa iliyopita mpimaji alikuja tena, na sheha wa kijiji, na karani yule yule, safari hii na vigingi vyekundu vya kupigilia. Maji yalikuwa yametoka. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe lako. Karani akafungua daftari akasema, shimo hili la Mchina aliyehama. Nikamwambia Kheiria afungue redio ya Bi Time, aweke kaseti.

Ukaanza wewe. Pwani nzima ikakusikia. Nimezika sikulia, nitafukua mwenyewe. Karani akauliza huyo nani. Nikamwambia, "Huyo ndiye mwenye shimo. Umemuuliza, anakujibu." Sheha anakujua sauti tangu ulipokuwa ukimwibia maembe, akatazama chini. Wanawake waliokuwa kwenye mwani wakatoka majini mmoja mmoja, kila mtu akakaa kwenye shimo lake, na wasiokuwa na shimo wakakaa kwenye la mama zao. Wakaanza kupiga pamoja na hizo nyundo zako. Zinakimbia mno, tumechoka sote. Ukirikodi nyengine waambie mafundi wa Ghala wapige kama watu wenye mgongo.

Kamba yako nikaizungusha kwenye vijiti vya shimo lako, mara mbili, ikatosha na kubaki. Mpimaji akatafuta mahali pa kupigilia kigingi chake, hakupaona. Akasema atarudi. Nikamwambia akirudi aje na gongo, mwenye mikono mitupu hapa hakai. Watarudi kweli, mwanangu, sikudanganyi. Nasi tutakuwa tumekaa.

Kaseti nakurudishia. Kheiria amekwisha kuinakili mara nne bila ya kuniuliza, na kwa jambo hilo tu naanza kumwona si mvivu sana.

Wimbo nimekupa. Jina langu liandike kubwa, na la kijiji, na chini yake uandike kuwa aliyeimba ana shimo lake Mwambakofi na halijafukiwa. Na siku ukija usije na hariri. Njoo na nguo ya kazi.

Mama yako,
Mwanakheri binti Haji